Neno na Wenzake: Jibu kwa Karani wa Kilindini Aliyeuliza Kuhusu Msamiati wa Kiingereza

Swali:

Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kazi yangu ni kuwaandikia wateja wa nje kuhusu mizigo yao inayofika Kilindini. Kwa majuma sita, siku tano kila juma, nimekuwa nikihifadhi maneno ishirini ya Kiingereza kwa siku kutoka katika orodha ya maneno magumu niliyoipata kwenye simu, na daftari langu sasa lina maneno mia sita. Hata hivyo juzi mkubwa wangu alinirudishia barua niliyoiandika kwa bidii, akasema mteja ameshindwa kuelewa tunataka nini. Sentensi aliyoipigia mstari ni hii: "We humbly beseech your esteemed office to expedite the perusal of the aforementioned documents." Maneno yote yamo kwenye kamusi. Kosa langu ni lipi? Mtu anahitaji maneno mangapi hasa? Na nahau za Kiingereza nizisome vipi? Baada ya miezi minne nitafanya mtihani wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza.

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Nimeifundisha lugha hii hapa Mombasa kwa miaka mingi, na wengi wameniuliza maswali kama yako, lakini ni wachache wanaoniletea sentensi yenyewe iliyokataliwa. Umefanya vyema kuileta, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu imo ndani yake.

Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Tatizo ni kwamba maneno yake hayakutoka nyumba moja. "Beseech" ni neno la sala na la mashairi ya zamani. Mwingereza wa leo hulikuta kanisani au katika tamthilia za kale, na akilikuta kwenye barua ya mzigo hushtuka. "Aforementioned" ni la mawakili na mikataba. "Perusal" na "esteemed office" ni mabaki ya barua za ofisi za vizazi vilivyopita, ambazo sisi tumeendelea kuzinakili hata baada ya wenyewe kuziacha. "Expedite" pekee ndilo lililo kwao bandarini. Uliposoma isimujamii katika somo la Kiswahili ulifundishwa kwamba kila mazingira yana sajili yake, yaani namna yake ya kutumia lugha, na kanuni hiyo ni ya lugha zote. Mfikirie mgeni aliyejifunza Kiswahili katika tenzi za kale, kisha akaenda Marikiti akamwambia mchuuzi wa nyanya, "Nakusihi kwa unyenyekevu unijuze thamani ya matunda yaliyotajwa hapo juu." Mchuuzi ataelewa baada ya muda, lakini kwanza atamtazama, na mgeni hatajua anatazamwa kwa nini.

Mimi ningeiandika hivi: "Could you please check the attached documents by Thursday? The container is already incurring demurrage." Siku imetajwa, sababu ya haraka imeelezwa ("demurrage" ni tozo ya kuchelewesha kontena), na mteja anajua afanye nini. Huenda ukadhani nimeshusha kiwango, kwa maana maneno mengi humo ni ya shule ya msingi. Lakini limo neno moja la daraja la juu ambalo wengi waliohifadhi orodha ndefu hawawezi kulitumia sawasawa, nalo ni "incur". Ningependa tukae nalo kidogo.

Kamusi itakwambia kwamba maana yake ni kupatwa na jambo au kujiletea jambo. Ukiishia hapo, kesho utaandika kwamba kampuni yenu imepata faida kwa kutumia neno hilo hilo, na msomaji atakunja uso. "Incur" hufuatana na gharama, hasara, deni, faini, adhabu, na ghadhabu ya mtu. Halifuatani na faida wala tuzo. Sisi tuna jambo hili hili. Tunasema mtu ameingia gharama na ameingia hasara, wala hatusemi ameingia faida. Tunasema mvua imesababisha mafuriko, na mtu akituambia kwamba mvua imesababisha mavuno mazuri, sikio linahisi kuna kitu hakikukaa vizuri, ingawa hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa. Kwa hiyo kulijua "incur" ni kujua maana yake, kujua maneno yanayopenda kukaa karibu nalo, kujua kwamba lina harufu ya jambo baya, na kujua kwamba ni la maandishi ya kazi na ya sheria, kiasi kwamba hutalitumia ukimsimulia shoga yako ulivyopoteza nauli kwenye feri ya Likoni. Neno moja lililojulikana hivyo ni mali kuliko ishirini yaliyoandikwa upande mmoja wa daftari na maana zake upande wa pili.

Mwanaisimu wa Uingereza, J. R. Firth, aliliweka wazo hili mwaka 1957 kwa kusema kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. Mswahili hahitaji kushawishiwa sana juu ya hili, kwani anaishi na kitenzi "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, mswaki, kura, hodi, magoti na chafya, na mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu hubaki ameduwaa. Vivyo hivyo tunakata tiketi, tunakata kiu, tunakata shauri, tunakata rufaa na tunakata tamaa. Hakuna mtoto wa hapa aliyewahi kuhifadhi orodha hiyo. Aliyapokea maneno yakiwa mawili mawili, yameshikana. Kiingereza nacho ni hivyo, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hupoteza njia, kwa sababu huyatafuta maneno adimu na kuyadharau yale wanayodhani wanayajua.

Chukua "clear", ambalo ni neno la kazi yako kila siku. Unajua kwamba mzigo hufanyiwa "clear" kwenye forodha. Je, unajua kwamba mtu anaweza kufanya hivyo kwa deni, yaani kulimaliza. Kwa jina lake, yaani kujitoa katika shutuma. Na kwa koo lake kabla ya kuhutubia? Je, unajua kwamba dhamiri safi ni "a clear conscience", na kwamba "steer clear of" ni kujiepusha na mtu au jambo? Hilo ni neno moja ulilolijua tangu darasa la pili, na ndani yake mna maneno matano au sita ya kiwango cha juu ambayo Mwingereza huyatumia na orodha yako ya simu haiyajui. Ningekuwa wewe, ningetumia mwezi mzima kuchimba maneno kama hayo thelathini kabla ya kuongeza jipya hata moja.

Umeuliza idadi. Jibu lipo, lakini lazima kwanza tukubaliane tunahesabu nini. Wataalamu wa msamiati huhesabu familia za maneno, ambapo "decide", "decision", "decisive", "indecisive" na "decisively" ni familia moja, kama ambavyo sisi tungehesabu soma, somo, msomi, usomaji na somesha kuwa jamaa. Kwa hesabu hiyo, Paul Nation wa New Zealand alionyesha mwaka 2006 kwamba ili msomaji ajue asilimia 98 ya maneno katika maandishi ya kawaida kama riwaya na magazeti, anahitaji familia 8,000 hadi 9,000, na kwa mazungumzo anahitaji 6,000 hadi 7,000. Asilimia 98 maana yake ni kwamba ukurasa wenye maneno 300 utakuwa na maneno sita usiyoyajua, nayo hayo unaweza kuyakisia bila kufungua kamusi kila mara.

Idadi hiyo isikuogopeshe, kwa sababu maneno hayalingani kwa kazi. Familia 2,000 za mwanzo, ambazo Michael West alizikusanya katika orodha yake maarufu ya mwaka 1953, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kila ukurasa, na wewe uliyemaliza kidato cha nne bila shaka unazo. Juu ya hizo, Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 zinazorudiarudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani zote, na familia hizo peke yake ni takriban asilimia 10 ya maandishi hayo. Kwa mtu anayekwenda kufanya IELTS, hiyo ndiyo orodha ya kuanzia. Inapatikana bure kwenye intaneti. Humo utakuta maneno kama "assess", "derive", "constrain" na "subsequent", ambayo hayana mbwembwe yoyote lakini ndiyo yanayoendesha ripoti, barua na mihadhara. Kuhusu mtihani wenyewe, jua kwamba katika sehemu ya kuandika msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa, na kwamba msahihishaji haangalii uadimu wa neno peke yake. Anaangalia pia kama limekaa na wenzake na kama linafaa mahali lilipowekwa. Sentensi yako ya "beseech" ingekupunguzia alama.

Kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivyo kwa jambo moja? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa takriban miaka mia tatu Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, huku watu wa kawaida wakiendelea na lugha yao, na wasomi na makasisi wakiandika Kilatini. Tabaka tatu zikabaki ndani ya lugha moja. "Ask" ni la nyumbani, "question" lilikuja na Kifaransa, "interrogate" ni la Kilatini, na leo la kwanza ni la kila mtu, la pili lina uzito, na la tatu ni la polisi. Sisi tunalijua jambo hili kwa sababu Kiswahili nacho kina tabaka: tuna mwanzo na awali, tuna mwisho na hatima, na kila mmoja wetu anahisi kwamba hatima ya mtu si mwisho wa foleni. Hisia hiyo unayo tayari. Unachotakiwa kufanya ni kuiuliza kila unapokutana na neno jipya la Kiingereza: hili ni la sebuleni, la ofisini, au la mahakamani?

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa pwani, una akiba nyingine ambayo wengi hawaitambui. Maneno kadhaa ya Kiingereza ni ndugu wa maneno yetu kwa upande wa Kiarabu. "Monsoon" lilipitia kwa Wareno, lakini asili yake ni lile neno la Kiarabu, mawsim, lililotupa sisi msimu. Upepo ule ule wa kaskazi na kusi uliosukuma majahazi hadi Bandari ya Kale. "Zero" na "cipher" ni ndugu wa sifuri. "Magazine" lilitoka katika neno la Kiarabu la maghala, lenye mzizi mmoja na hazina yetu, na ndiyo maana mpaka leo ghala la risasi huitwa hivyo. "Tariff", ambalo wewe unaliona kila asubuhi kwenye karatasi za forodha, ni ndugu wa taarifa, kwani mwanzoni lilikuwa tangazo la viwango vya ushuru. Hadithi za namna hii husaidia sana neno kushika kichwani, ingawa undugu wa asili si ahadi ya maana moja: "tariff" si taarifa, na anayeyachanganya ataandika upuuzi.

Nije sasa kwenye kuhifadhi, kwa sababu bidii unayo na sipendi ipotee. Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha jaribio ambalo kila Mswahili anayejifunza lugha angepaswa kulijua, maana maneno waliyoyatumia yalikuwa yetu. Wanafunzi wa chuo kikuu wasiojua Kiswahili walipewa jozi 40 za maneno, kama mashua na maana yake ya Kiingereza, wakajifunza mpaka kila neno likajibiwa sawasawa angalau mara moja. Kuanzia hapo wakatofautiana. Kuna walioendelea kuulizwa maneno yote, hata yale waliyokwisha kuyajibu. Kuna ambao neno wakishalijibu mara moja hawakuulizwa tena, ila waliendelea kulisoma pamoja na maana yake. Baada ya juma moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, na walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 36. La kuhuzunisha ni kwamba walipotakiwa kukisia mapema wangekumbuka kiasi gani, makundi yote yalikisia karibu nusu. Waliokuwa wakipoteza hawakujua kwamba wanapoteza.

Hicho ndicho kinachokupata wewe. Unasoma daftari lako, unayaona maneno na maana zake, unayatambua, na kutambua kunakupa faraja kwamba unayajua. Lakini unapokaa kuandika barua hakuna anayekuonyesha neno. Lazima ulivute mwenyewe kutoka gizani, na kazi hiyo ya kuvuta hujaifanyia mazoezi. Kwa hiyo funika upande mmoja wa daftari. Soma maana ya Kiswahili, kisha litamke neno, litamke pamoja na wenzake wawili au watatu, na utunge sentensi kuhusu jambo la kweli lililotokea ofisini kwenu. Ukishindwa, funua, tazama, funika tena. Ugumu unaousikia wakati huo ndio kujifunza kwenyewe.

Na usirudie maneno yote kila siku. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyejijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni kisha hupungua. Ndiyo maana neno linahitaji kurudiwa mapema, halafu kwa vipindi vinavyozidi kurefuka. Mjerumani mwenzake, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 mpango wa kadi na visanduku ambao mtu anaweza kuutengeneza kwa katoni za viatu: kadi mpya hukaa sanduku la kwanza na huulizwa kila siku, ukiijibu sawa inahamia sanduku linalofuata ambalo hufunguliwa kwa nadra zaidi, ukiikosa inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika mbali. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, kama Anki, lakini kadi za mkono wako zina faida kwamba unaziandika mwenyewe. Maneno matano kwa siku, siku tano kwa juma, kwa majuma hamsini, ni maneno 1,250 kwa mwaka, na ni maneno utakayoweza kuyatumia. Ishirini kwa siku ni mzigo unaozidi uwezo wa chombo.

Kuhusu kuandika maana kwa Kiswahili, wapo walimu watakaokukataza, wakisema ufikiri kwa Kiingereza tu. Sikubaliani nao. Kiswahili chako ni taa. Kinachohitajika ni kujua pale ambapo taa hiyo inatoa kivuli. Kuazima kwetu ni kutoa na pia kupokea, na ndiyo maana wanafunzi wetu huchanganya "lend" na "borrow". Kusikia kwetu ni kwa sauti, harufu, baridi na njaa, na mtu akikihamisha kitenzi hicho kama kilivyo atasema kwa Kiingereza kwamba anasikia harufu kwa masikio. Kwa upande mwingine kuna makosa ambayo Kiswahili kingetuokoa nayo kama tungekisikiliza: sisi husema tulijadili bei, moja kwa moja, na "discuss" nalo hutaka hivyo hivyo, lakini Wakenya wengi huongeza "about" baada yake. Vilevile huandikwa "cope up with" ambapo panatakiwa "cope with", na "equipments" na "advices" ilhali maneno hayo mawili hayapokei wingi. Kabla ya kutafuta maneno ya fahari, safisha haya, kwa sababu msomaji wa nje huyaona haraka kuliko anavyoliona neno lako adimu.

Sasa nahau. Hizi hudanganya watu zaidi ya kitu chochote, kwa kuwa zinapendeza. Hebu tazama methali yetu ya baharini, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtoto wa bara aliyesoma tezi kuwa kiungo cha mwili atabaki anashangaa. Anayejua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni shimo la chini linalokusanya maji, anaiona jahazi nzima na baharia anayehangaika ndani yake. Waingereza nao ni watu wa bahari, na nahau zao nyingi zimetoka melini. "To be taken aback" ni kushtushwa ukakosa la kusema, na asili yake ni upepo kulipiga tanga ghafla kutoka mbele likabanwa kwenye mlingoti, chombo kikasimama. "In the offing" husemwa juu ya jambo linalokaribia kutokea, kwani "offing" ni ile sehemu ya bahari inayoonekana kutoka ufukweni, na meli iliyo huko itatia nanga karibuni. Anayesimama pale Mama Ngina na kuzitazama meli zikisubiri kuingia Kilindini anaiona nahau hiyo kwa macho. "To sail close to the wind" ni kukaribia kuvunja sheria bila kuivunja, na nahodha yeyote wa jahazi aliyewahi kwenda joshi, yaani kukielekeza chombo karibu na upepo unakotoka, anajua hatari yake. Nahau ukiipata pamoja na picha yake hutaisahau, na pia hutaibadilisha maneno. Kwa maana nahau haibadilishwi: aliyekula chumvi nyingi hawezi kuwa amekula sukari nyingi.

Jihadhari pia na nahau zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Kutia chumvi kwetu ni kuongeza uongo katika habari. Chumvi yao, katika "take it with a pinch of salt", iko mkononi mwa msikilizaji. Ni kuipokea habari kwa shaka. Kwingine tunakutana vizuri: aliyemwaga mtama kwenye kuku wengi ndiye ambaye kwao "spilled the beans". Fanya mchezo wa kutafutia kila nahau yao mwenzake wa kwetu, na pale usipompata, andika kwamba hayupo.

Ila katika kutumia, uwe na kiasi. Nahau ya mvua ya paka na mbwa, ambayo kila shule yetu huifundisha, imechakaa hata kwa wenyewe. Kazi yako ya kwanza ni kuelewa nahau za watu wengine. Kuzitumia kuje baadaye, na ziwe chache, na zisiwe katika barua kwa mteja wa China au Uturuki ambaye naye Kiingereza alijifunza.

Badala yake weka nguvu katika vile vitenzi vinavyofuatwa na vineno vidogo, kwa sababu ndivyo uti wa mgongo wa Kiingereza kinachosemwa. "Put off" ni kuahirisha, "put up with" ni kuvumilia, "put forward" ni kutoa hoja, "put through" ni kumuunganisha mtu kwa simu. Wanafunzi hulalamika kwamba havina mantiki, nami huwaambia watazame kitenzi chetu "pata": patia, patana, patanisha, patikana. Kupatanisha maadui kuko mbali kiasi gani na kupata shilingi kumi? Sisi hubadilisha mkia wa kitenzi. Wao hukiacha kitenzi kilivyo na kukiwekea kineno nyuma. Jifunze kimoja kimoja, ndani ya sentensi, na usichukue vya "put" vyote siku moja, kwa kuwa vinavyofanana huibana nafasi ya vingine kichwani na mwisho huchanganyika vyote.

Nusu ya muda wako iwe ya kusoma. Mtu anayesoma kwa utulivu maneno 150 kwa dakika, kwa nusu saa kila siku, atapitia maneno 4,500 kwa siku na 450,000 kwa siku mia moja, na katika safari hiyo maneno muhimu yatamrudia tena na tena yakiwa na wenzao tofauti. Chagua maandishi ambayo katika kila maneno mia hukosi zaidi ya matano. Yakizidi hapo, utakuwa unafungua kamusi badala ya kusoma. Soma habari za usafiri wa baharini na biashara, kwa sababu nusu ya maana utakuwa umeshaijua kutokana na kazi yako.

Lile daftari la maneno mia sita usilitupe. Jumamosi hii kaa nalo pamoja na barua ambazo wateja wa nje wamewaandikia mwaka huu. Kila neno la daftari utakalolikuta katika barua zao, litie alama na unakili sentensi nzima waliyoliwekea. Yasiyotiwa alama yaache yalale. Nakadiria kwamba yenye alama hayatafika hamsini. Hayo ndiyo ya sanduku la kwanza, na kadi ya "incur" iwe juu yao.